Safari ya Meno 532

Katikati ya miaka ya 1980 Burundi ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa meno ya tembo duniani, ingawa porini kwake tembo walikuwa wamekwisha. Meno yaliyojaa maghala ya Bujumbura yalitoka kwa majirani: Tanzania, Zaire, Zambia. Yaliingia kwa njia ya ziwa na barabara, na yakishafika mjini yalipata karatasi zilizoyageuza kuwa mali halali. Jangili aliyeua tembo magharibi mwa Tanzania hakuhitaji kukimbia mbali. Akishavuka mpaka, kosa lake lilibaki upande wa pili, mikononi mwa askari ambaye hakuwa na ruhusa ya kutia mguu Burundi.

Mkataba wa kuzuia mambo hayo ulikuwepo. CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ulitiwa saini Washington Machi 1973 na kuanza kutumika Julai 1975. Lakini CITES haina polisi. Ina sekretarieti Uswisi, ina viambatisho vinavyosema mnyama yupi auzwe na yupi asiuzwe, na ina utaratibu wa vibali. Kukamata, kupeleleza na kushtaki ni kazi ya kila nchi kwa sheria zake yenyewe. Na Burundi, wakati huo, haikuwa hata mwanachama.

Mwaka 1986 wasimamizi wa mkataba walijaribu kuwavuta wafanyabiashara ndani ya utaratibu huo kwa kuandikisha akiba zote za meno zilizokuwepo, bila kujali zilikotoka, ili hesabu ianze upya. Burundi ikaandikishiwa karibu tani 90. Singapore, mojawapo ya vituo vikuu vya biashara hiyo upande wa Asia, ikaandikishiwa zaidi ya tani 250, nyingi zikiwa zimetoka Afrika kwa njia hizohizo za magendo. Meno yaliyolala usiku yakiwa ya wizi yaliamka asubuhi yana muhuri. Bei zilipanda, na waliofaidika ni walewale waliokuwa wameyaficha. Nia ya waliobuni mpango ule ilikuwa njema, lakini walihesabu meno bila kuuliza yametoka kwa nani, na kosa hilo lilikuja kurudiwa mara nyingi baadaye, kwa sura tofauti.

Pierre Buyoya alipochukua madaraka Burundi Septemba 1987, serikali yake ilipiga marufuku biashara hiyo, na mwaka 1988 nchi ikajiunga na CITES. Kwa tembo wengi hatua hiyo ilikuwa imechelewa. Bara la Afrika lilikadiriwa kuwa na tembo milioni 1.3 mwaka 1979. Miaka 10 baadaye walikuwa wamebaki kama 600,000. Katika Pori la Akiba la Selous, Tanzania, ambako katikati ya miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 100,000, walibaki kama 30,000.

Tanzania ndiyo iliyosimama ikasema basi. Mwaka 1989 jeshi, polisi na askari wa wanyamapori waliingia porini pamoja katika Operesheni Uhai, na mwaka huohuo, chini ya Mkurugenzi wa Wanyamapori Costa Mlay, nchi ikapendekeza tembo wa Afrika ahamishiwe Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, yaani biashara ya kimataifa ya meno yake ipigwe marufuku. Kenya iliunga mkono kwa moto: Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha rundo la tani 12 jijini Nairobi mbele ya kamera za dunia. Oktoba, wajumbe wa CITES waliokutana Lausanne walipiga kura 76 dhidi ya 11. Marufuku ilianza kutumika Januari 1990. Wasomaji wengi wa leo wanalijua zaidi tukio la moto wa Nairobi, na ni haki yake kukumbukwa. Lakini hoja iliyopigiwa kura Lausanne ilikuwa imeandikwa Dar es Salaam, na inafaa watoto wetu wafundishwe hivyo.

Marufuku ilipunguza soko, ila haikumpa askari wa Mpika, Zambia, uwezo wa kumfuata jangili hadi Kasungu, Malawi. Malalamiko hayo ndiyo yaliyowakutanisha maofisa wa kusimamia sheria za wanyamapori wa nchi 8 za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mjini Lusaka, Desemba 1992. Walikuwa watu wa doria na upelelezi, waliochoka kuona kesi zao zikifia mpakani. Mtuhumiwa anaonekana, jina lake linajulikana, nyumba yake inajulikana, lakini yuko kilomita 5 ndani ya nchi nyingine, na barua ya kuomba msaada itapita wizara mbili na ubalozi mmoja kabla ya kurudi bila jibu. Walichokitaka ni chombo cha kudumu ambacho maofisa wa nchi mbalimbali wangekaa chumba kimoja na kubadilishana majina, namba za magari na nyaraka za mizigo siku hiyohiyo.

Kwa msaada wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, wazo hilo likaandikwa kisheria. Mkataba wa Lusaka ulipitishwa Septemba 8, 1994, ukaanza kutumika Desemba 10, 1996, na Kikosi Kazi chake kikazinduliwa Juni 1, 1999, kikikaribishwa Nairobi na Shirika la Wanyamapori la Kenya. Kila nchi mwanachama inateua ofisi ya taifa ya kushughulika na kikosi, na inaazima ofisa wake kwenda kukitumikia. Ofisa huyo hapotezi mamlaka aliyopewa na nchi yake. Mtanzania anayekaa Nairobi bado ni ofisa wa Tanzania, lakini meza ya jirani ameketi Mganda, inayofuata Mzambia. Wakati huo hapakuwa na kitu cha namna hiyo mahali pengine duniani. Mataifa tajiri yalikuwa na mikutano na maazimio. Waafrika waliunda ofisi.

Mtihani mkubwa wa kwanza ulikuja mwaka 2002.

Mwishoni mwa Juni mwaka huo, maofisa wa Singapore walifungua kontena la futi 20 lililoteremshwa bandarini kutoka Durban. Karatasi zilisema limebeba sanamu za mawe. Ndani yake kulikuwa na makasha ya mbao, na ndani ya makasha meno ya tembo 532. Pamoja nayo vilikuwepo vipande vya mviringo zaidi ya 40,000, kila kimoja kikiwa na urefu wa kidole. Jumla ilikuwa tani 6 na nusu, shehena kubwa kuliko zote zilizokamatwa tangu marufuku ya 1989. Meno yalikuwa na wastani wa kilo 11 kila moja, ishara kwamba waliouawa ni tembo waliokomaa, wale wanaoongoza makundi na kukumbuka maji yalipo wakati wa kiangazi.

Wapelelezi walivitazama vile vipande vya mviringo kwa makini kuliko meno yenyewe. Vilikuwa vimekatwa kwa vipimo vya hanko, mihuri ya majina ambayo Wajapani hugonga kwenye hati za benki na mikataba. Muhuri wa namna hiyo ulikuwa bidhaa ya kawaida katika maduka ya Japani. Kwa hiyo palikuwa na mtu Afrika mwenye mashine, mwenye mafundi, anayejua saizi inayotakiwa Tokyo na Osaka, na mwenye mteja anayemsubiri. Mtu anayebahatika kuokota meno porini hakati vipande 40,000 vya saizi moja. Lile kontena lilikuwa zao la kiwanda.

Njia yake ilifahamika taratibu. Upelelezi ulielekeza kwenye bonde la Luangwa, mashariki mwa Zambia. Kutoka huko meno yaliingia Malawi na kukusanywa Lilongwe, ambako yalikatwa na kufungashwa. Lori likabeba kontena hadi bandari ya Beira, Msumbiji. Meli ikalipeleka Durban, Afrika Kusini, nyingine ikavuka nalo Bahari ya Hindi. Mzigo ulipita nchi nne za Afrika, kwenye vituo vya forodha vyenye wino na mihuri. Kilichouangusha ni taarifa iliyopita mkono kwa mkono. Maofisa wa Zambia na Malawi walikuwa wakiwafuatilia watu wa Lilongwe, walizungumza na wenzao wa Kikosi Kazi cha Lusaka, na onyo likafika Singapore kabla ya meli. Nyaraka zilizopatikana baadaye zilionyesha shehena kadhaa zilizotangulia kwa njia hiyohiyo, kuanzia miaka ya 1990, bila kuguswa na mtu.

Kilichofuata kilibadilisha kabisa upelelezi wa ujangili. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwanabiolojia Samuel Wasser alikuwa amekaa miaka kadhaa akitengeneza ramani ya vinasaba vya tembo wa Afrika. Hakuhitaji kumkamata tembo hata mmoja. Chembe za utumbo hubaki juu ya kinyesi kinapotoka, na ndani ya chembe hizo kuna vinasaba. Askari wa wanyamapori na watafiti wa nchi nyingi walichukua sampuli za mavi ya tembo, wakaandika mahali halisi zilipopatikana, wakazituma. Kutokana na sampuli hizo ilijulikana tembo wa eneo gani wanafanana vipi.

Meno ya Singapore yalipimwa kwa ramani hiyo. Kipande kidogo cha jino hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika hadi kiwe cha kuvunjika, kisha husagwa kuwa unga, na vinasaba vikatolewa humo. Jino kavu, lililokufa zamani, linasema lilizaliwa wapi.

Wapelelezi wengi walidhani shehena kubwa kama ile imekusanywa huku na huko, msitu na savana, popote meno yalipopatikana kwa bei nafuu. Majibu, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalisema vingine. Meno yote yalitoka kwa tembo wa savana, na asili yake ilikuwa eneo dogo ambalo kitovu chake ni Zambia. Maana yake ilikuwa nzito. Wafanyabiashara hawakuwa wakingoja majangili wawaletee chochote. Walikuwa na oda ya kutimiza, na walirudi kwenye kundi lilelile la tembo mpaka oda itimie.

Kwa Zambia habari hiyo ilikuwa chungu. Nchi hiyo ilikuwa imeomba CITES iiruhusu kuuza akiba yake ya meno, na katika maombi yake ilieleza kuwa tembo 135 tu ndio waliojulikana kuuawa na majangili katika miaka 10 iliyotangulia. Kontena moja lilikuwa na meno 532. Mkutano wa CITES wa Santiago, Novemba 2002, ulilikataa ombi hilo, hata kabla maabara haijatoa majibu. Sidhani kuwa maofisa wote wa Zambia walikuwa wakidanganya. Wengi walihesabu mizoga waliyoiona, na mizoga mingi ya Luangwa haionwi na mtu isipokuwa tai.

Na wahusika? Hapa ndipo historia hii inaposikitisha. Makasha yalikuwa na anwani, kontena lilikuwa na msafirishaji na mpokeaji, meli ilikuwa na wakala, malipo yalipita benki. Sijawahi kusoma kesi ya ujangili yenye karatasi nyingi kuliko hiyo. Hata hivyo hakuna kinara wa mtandao ule aliyeonja jela kwa sababu ya shehena ile. Sheria za wakati huo ziliruhusu kutoza faini ndogo na kufunga jalada, na kila nchi ilipomaliza kipande chake cha upelelezi ilingoja nyingine ifungue kesi. Malawi ilikuja kubadilisha sheria yake ya wanyamapori mwaka 2017 na kuweka adhabu inayofika kifungo cha miaka 30. Kontena lilikuwa limepita miaka 15 kabla.

Meno yenyewe yalirudishwa Afrika na kuhifadhiwa Nairobi chini ya Kikosi Kazi. Julai 20, 2011, huko Manyani, Tsavo, Rais Mwai Kibaki wa Kenya aliwasha moto uliounguza meno 335 na maelfu ya zile hanko, karibu tani 5, kwa niaba ya nchi wanachama wa Mkataba wa Lusaka. Lilikuwa jambo la heshima, mara ya kwanza mataifa kadhaa ya Afrika kuteketeza pamoja mali waliyoikamata kwa pamoja.

Wakati moto wa Manyani unawaka, tembo wa Selous walikuwa wanakwisha kwa mara ya pili. Dalili zilikuwa zimeanza kitambo. Julai 2006 maofisa wa Taiwan walikuta zaidi ya tani 5 za meno katika bandari ya Kaohsiung, katika makontena yaliyotoka Tanga. Hati zilisema ni mkonge. Machi 2009, bandari ya Hai Phong nchini Vietnam, tani 6 nyingine kutoka Tanzania, safari hii zikiitwa taka za plastiki. Agosti 2011, mwezi mmoja baada ya Manyani, polisi wa Zanzibar walifungua kontena la dagaa katika bandari ya Malindi likielekea Malaysia. Chini ya dagaa kulikuwa na meno 1,041. Anayeijua Malindi anaijua harufu ya dagaa wakavu juani. Waliopakia walitegemea kuwa hakuna mkaguzi atakayetaka kuchimba.

Katikati ya misiba hiyo, Machi 2010, Tanzania ilikwenda kwenye mkutano wa CITES wa Doha kuomba iuze tani 90 za akiba yake. Ombi likakataliwa. Nchi iliyoandika hoja ya Lausanne ilikuwa sasa upande wa pili wa meza, na nadhani lile lilikuwa somo gumu kuliko yote ambayo idara yetu ya wanyamapori imewahi kupewa. Sensa iliyofuata ilieleza kwa nini. Tembo wa Tanzania walishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Katika mfumo wa Selous walihesabiwa kama 13,000 mwaka 2013. Maabara ya Wasser ilithibitisha kutoka upande wake: sehemu kubwa ya meno ya tembo wa savana yaliyokamatwa katika shehena kubwa za miaka ile ilitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Jibu la kwanza la serikali lilikuwa nguvu. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 na kusimamishwa baada ya wiki chache, bungeni kukiwa na ushahidi wa wananchi kupigwa, kuteswa na kuporwa mifugo. Desemba mawaziri wanne wakaondolewa. Aliyepata kipigo ni mkulima wa kijijini. Mwenye kontena alikuwa mjini, ofisini, akiongea na wakala wa meli.

Ushirikiano wa kimataifa ulikuwa umeanza kukomaa wakati huohuo, kimyakimya. Interpol iliendesha Operesheni Costa mwaka 2009 katika nchi sita za Afrika Mashariki, ikaipa jina la marehemu Costa Mlay. Novemba 2010, CITES, Interpol, Shirika la Forodha Duniani, Benki ya Dunia na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu ziliungana katika muungano mmoja wa kupambana na uhalifu wa wanyamapori. Mwaka 2013, katika mkutano wa CITES wa Bangkok, nchi nane zilizotajwa kuwa nguzo za biashara haramu ya meno, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda kwa upande wa kutoa na China kwa upande wa kupokea, zilitakiwa kuandika mipango ya utekelezaji na kuitolea taarifa. Hukohuko ikakubaliwa kwamba kila shehena ya kilo 500 au zaidi itolewe sampuli kwa ajili ya vinasaba. Na Kikosi Kazi cha Lusaka kikashirikiana na China katika Operesheni Cobra. Katika awamu ya pili, Januari 2014, nchi 28 zilishiriki, watu zaidi ya 400 walikamatwa, na maofisa wa Kenya na China walimsindikiza mtuhumiwa Mchina kutoka Nairobi hadi nchini kwake akashtakiwe huko. Halikuwa limewahi kutokea.

Ndani ya Tanzania, kikosi maalumu cha kupeleleza uhalifu mkubwa kilianza kufuata pesa na simu badala ya nyayo. Mwaka 2015 kilimkamata Yang Fenglan, mama wa Kichina aliyefika nchini miaka ya 1970 akiwa mkalimani wakati wa reli ya TAZARA, anayezungumza Kiswahili vizuri, mwenye mgahawa Dar es Salaam na cheo katika jumuiya ya wafanyabiashara wa nchi yake. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu miaka 15 jela kwa kuongoza genge lililosafirisha mamia ya meno. Wachuuzi wadogo walikuwa wakifungwa kila mwezi. Safari hii aliyefungwa alikuwa mtu wa daraja la juu.

Kukamata peke yake hakutoshi, na mfano uko Mombasa. Juni 2014 polisi walikuta zaidi ya tani 2 za meno katika yadi ya magari mjini humo. Mtuhumiwa mmoja alitafutwa kwa hati nyekundu ya Interpol na kukamatwa Dar es Salaam Desemba mwaka huo, akarudishwa Kenya. Julai 2016 alihukumiwa miaka 20. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru kwa rufaa, kwa kuona ushahidi wa upande wa mashtaka haukutosha. Polisi wa nchi mbili walikuwa wamefanya kazi nzuri ya kumtafuta. Kilichopungua ni ushahidi wa kuwekwa mbele ya jaji.

Septemba 2018 Wasser na wenzake walitoa dawa ya tatizo hilo. Magendo ya meno yana desturi moja: meno mawili ya tembo mmoja hutenganishwa njiani na kuingia makontena tofauti. Maabara ilipima shehena 38 kubwa na kupata meno pacha katika 11 kati ya hizo, jino moja likiwa limekamatwa bandari hii na mwenzake bandari nyingine. Shehena zenye pacha kwa kawaida zilipita bandari ileile ndani ya miezi 10. Utafiti ulionyesha magenge matatu makubwa yaliyofanya kazi kati ya 2011 na 2014, moja likitumia Mombasa, moja Entebbe, moja Lomé, tena yenyewe kwa yenyewe yakiwa na uhusiano. Mtu aliyeshtakiwa kwa kontena moja sasa angeweza kuunganishwa na matano.

Ndivyo lilivyoendelea shauri la Moazu Kromah, Mliberia aliyeishi Kampala. Februari 2017 maofisa wa Uganda walimkuta na zaidi ya tani moja ya meno. Kesi ilifunguliwa, dhamana ikatolewa, miaka ikapita. Juni 2019 alisafirishwa hadi New York, ambako Wamarekani walimshtaki kwa njama ya kuuza pembe za faru na zaidi ya tani 10 za meno ya tembo zilizotoka au kupita nchi kadhaa, Tanzania, Kenya, Kongo ya Kinshasa na Msumbiji zikiwemo. Mshirika wake alikamatwa Senegal, mwingine, Mkenya, Mombasa Julai 2020. Kromah alikiri, na Agosti 2022 akahukumiwa miezi 63 jela.

Namshukuru kila aliyefanikisha kesi hiyo. Lakini ni aibu kwamba tembo wa Ruaha, Tanzania, na Niassa, Msumbiji, walipata hukumu yao Manhattan, New York. Mashahidi walikuwa huku, meno yalikuwa huku, wajane wa askari waliouawa doria wako huku. Mahakama zetu zina majaji na zina sheria. Zinachokosa ni waendesha mashtaka wa nchi mbili wanaoweza kusoma jalada moja.

Tembo wa Tanzania wameanza kuongezeka. Mwaka 2019 serikali ilisema wamepita 60,000. China ilifunga soko lake la ndani mwisho wa 2017. Ni wakati mzuri wa kuimarisha nyumba, kwa sababu magenge hayohayo yamehamia magamba ya kakakuona na yatarudi kwenye meno bei ikipanda. Nchi saba tu ndizo zilizouridhia Mkataba wa Lusaka: Kenya, Tanzania, Uganda, Zambia, Kongo ya Brazzaville, Lesotho na Liberia. Malawi haimo. Msumbiji haimo. Afrika Kusini ilitia saini na haijaridhia. Kuridhia hakuhitaji bunduki, helikopta wala mfadhili. Kunahitaji kikao kimoja cha bunge. Na sisi tuliokwisha kuridhia tulipe michango yetu kwa wakati na tupeleke Nairobi maofisa wetu bora, tuwaache wakae huko miaka ya kutosha kujuana.